Mbwa mdogo huishi kuliko jibwa: hesabu miaka kabla ya kuleta mlinzi nyumbani

Wizi wa usiku ukizidi mtaani, watu wanaojua kwamba nafuga mbwa huniuliza swali moja: ninunue yupi? Mara nyingi mwenye kuuliza huwa ameshajijibu. Anataka jibwa, lenye kifua kipana na sauti ya kutikisa geti. Ataniuliza bei, ukali na chakula. Ni nadra mtu kuniuliza mbwa huyo ataishi miaka mingapi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, maana jibu lake linabadilisha hesabu ya mengine yote.

Jibu kwa ufupi ni kwamba mbwa mdogo huishi kuliko mbwa mkubwa, na tofauti yao ni ya miaka, si miezi. Anayenunua mbwa mkubwa kuliko wote ili alindwe muda mrefu huenda akawa amenunua mlinzi atakayestaafu mapema kuliko wote.

Najua mbwa si mnyama wa kuingia sebuleni kwetu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, mate yake ni najisi na kuosha kwake kuna utaratibu wake. Lakini mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo anajulikana katika dini tangu zamani, na kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha maji mbwa mwenye kiu tumekisikia tangu chuoni. Ukweli ni kwamba kuanzia Nyali hadi Mtwapa, Kilifi hadi Malindi, mbwa wapo uani, kwenye mashamba na kwenye mabohari. Maadamu wapo, ni vyema tuwajue.

Takwimu zinasemaje

Mwaka 2013 mtafiti Cornelia Kraus na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 56,000 wa aina 74. Waliona kwamba kila uzito unapoongezeka kwa takriban kilo 2, matarajio ya maisha hupungua kwa kama mwezi mmoja. Chukua mbwa wa kilo 10 na mwingine wa kilo 50. Tofauti yao ni kilo 40, na kwa hesabu hiyo mkubwa anapoteza kama miezi 20. Hiyo ni karibu miaka miwili, kwa mnyama ambaye maisha yake yote huenda yasifike kumi.

Mwaka 2024 ukaja uchunguzi mkubwa zaidi kutoka Uingereza, ulioongozwa na shirika la Dogs Trust na kuchapishwa katika jarida la Scientific Reports. Huo ulitazama mbwa 584,734. Umri wa kati kwa wote ulikuwa miaka 12.5, maana yake nusu yao wanaupita na nusu hawaufikii. Majike walipata miaka 12.7 na madume 12.4. Walipowagawa kwa ukubwa na umbo la uso, majike madogo yenye pua ndefu, kama Dachshund mdogo, yalifika miaka 13.3. Madume ya ukubwa wa kati yenye uso bapa, kama English Bulldog, yaliishia miaka 9.1.

Aina iliyoishi zaidi katika uchunguzi huo ni Lancashire Heeler, mbwa mfupi wa kuchunga ng'ombe, aliyefika miaka 15.4. Iliyoishi kidogo zaidi ni Caucasian Shepherd, jibwa la milimani lenye manyoya mengi linalofugwa kwa ulinzi, lililopata miaka 5.4.

Kwa matumizi ya kawaida, huu ndio mpangilio ambao mtu anaweza kuutegemea, akikumbuka kwamba mbwa mmoja mmoja anaweza kutoka nje ya mistari hii:

- Wadogo, chini ya kilo 10, kama Chihuahua, Jack Russell na Dachshund mdogo: miaka 12 hadi 16.
- Wa kati, kilo 10 hadi 25, wakiwemo wengi wa mbwa wetu wa kienyeji: miaka 11 hadi 14 wakitunzwa.
- Wakubwa, kilo 25 hadi 45, kama Labrador, German Shepherd na Rottweiler: miaka 9 hadi 13.
- Majibwa, zaidi ya kilo 45, kama Great Dane, Saint Bernard na Mastiff: miaka 7 hadi 10. Boerboel wa Afrika Kusini, ambaye watu wengi humtaka kwa ulinzi, hutajwa kuwa na miaka 9 hadi 11.

Mbona tembo na kobe huishi sana?

Hapa ndipo watu huniuliza kwa mshangao. Tumezoea kuona kinyume chake. Panya wa nyumbani haishi zaidi ya miaka miwili au mitatu, lakini tembo hufika sitini. Pale Haller Park, Bamburi, alikuwepo Mzee, yule kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyepata umaarufu duniani baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini. Mzee alikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka mia moja. Sasa iweje mbwa mkubwa afe mapema?

Jibu ni kwamba kuna hesabu mbili tofauti. Ukilinganisha mnyama wa jamii moja na wa jamii nyingine, kwa kawaida aliye mkubwa huishi zaidi. Tembo ameumbwa tembo tangu mababu zake. Mwili wake umepata muda mrefu sana, vizazi kwa vizazi, wa kujipanga ili ubebe ukubwa ule. Ukilinganisha wanyama wa jamii moja wao kwa wao, mambo hugeuka. Hata kwa farasi, wale wadogo hujulikana kwa kuishi kuliko wale wakubwa wa kuvuta mizigo.

Mbwa ni mfano ulio wazi kuliko wote, kwa sababu hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu mwenye tofauti kubwa hivyo ndani ya jamii moja. Chihuahua wa kilo 2 na Mastiff wa kilo 80 wote ni mbwa. Tofauti hiyo imetokana na binadamu kuchagua nani azae na nani, na aina nyingi tunazozijua leo zimetengenezwa katika miaka 200 hivi iliyopita. Mwili umekuzwa haraka, na viungo vya ndani havikupewa nafasi ya kuufuata.

Kinachomzeesha mkubwa

Uchunguzi wa 2013 ulionyesha jambo muhimu: mbwa wakubwa hawafi mapema kwa sababu tu wameanza kuzeeka mapema. Wanafa mapema hasa kwa sababu wakianza kuzeeka, wanazeeka mbio.

Mzizi wa mambo ni ukuaji. Mtoto wa binadamu huongezeka uzito takriban mara tatu katika mwaka wake wa kwanza. Mbwa mdogo wa aina ya Poodle huongezeka mara 20 hivi. Mtoto wa Great Dane huongezeka kama mara 100 kwa muda huohuo. Kukua kwa kasi hiyo ni chembechembe za mwili kugawanyika bila kupumzika, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kuingia. Makosa hayo yakikusanyika huweza kuzaa saratani. Ndiyo maana saratani huwaua mbwa wakubwa zaidi kuliko wadogo.

Kuna pia homoni ya ukuaji inayoitwa IGF-1. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza katika jarida la Science kwamba jeni ya homoni hii inachangia sana mbwa kuwa mdogo au mkubwa. Mwaka 2022 ikagundulika kwamba badiliko la jeni hiyo linaloendana na udogo lilikuwepo tayari kwa mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi kama miaka 54,000 iliyopita, kabla binadamu hajaanza kufuga mbwa. Mbwa wadogo huwa na homoni hii kwa kiwango cha chini. Na katika wanyama wengine waliochunguzwa maabara, kama panya, kiwango cha chini cha homoni hiyo huendana na maisha marefu.

Uzito wenyewe nao una gharama zake. Nyonga na viwiko vya German Shepherd na Rottweiler huharibika, mbwa akashindwa kuinuka asubuhi. Moyo wa Great Dane hutanuka ukachoka. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Tumbo likijipinda, mbwa huhangaika, hujaribu kutapika bila kutoa kitu, na asipofanyiwa upasuaji ndani ya saa chache hufa.

Mdogo naye ana maradhi yake. Meno yake huoza mapema kwa kubanana, vali za moyo hulegea uzeeni, na koo la hewa la baadhi yao ni dhaifu. Lakini mengi ya hayo ni maradhi ya uzeeni. Na kuna wadogo ambao udogo hauwasaidii: wenye uso bapa. Katika uchunguzi wa Uingereza French Bulldog, ambaye ni mdogo, alipata miaka 9.8 tu. Pua iliyobanwa humnyima pumzi, na kwa mbwa pumzi ndiyo njia kuu ya kupoza mwili.

Miaka ya mbwa si mara saba

Wengi tumezoea kuzidisha umri wa mbwa mara saba. Hesabu hiyo haiko sawa. Mwaka wa kwanza wa mbwa unakaribia miaka 15 ya binadamu, na wa pili huongeza kama tisa. Baada ya hapo ukubwa ndio unaoamua mwendo. Kwa majedwali yanayotumiwa na madaktari wa mifugo, mbwa mdogo wa miaka 10 ni kama mtu wa miaka 56, bado ana nguvu zake. Mkubwa wa umri huo ni kama mtu wa miaka 66. Jibwa la miaka 10 ni kama mzee wa miaka 79.

Tafsiri hiyo kwa ulinzi. Mbwa huwa mlinzi wa kutegemewa akifika kama miaka miwili, akili ikishatulia. Jibwa likifika miaka sita au saba viungo vimeanza kuuma na usingizi umekuwa mzito. Hiyo ni miaka minne au mitano ya kazi. Mbwa wa kati, wa kilo 15 au 20, anaweza kufanya kazi hiyohiyo miaka minane na zaidi. Wa kwangu ni wa kienyeji, ana miaka tisa, na hapiti mtu ukutani asimjue.

Kwetu tatizo kubwa si ukubwa

Takwimu zote nilizotaja ni za mbwa waliotunzwa na kupelekwa kwa daktari. Hapa nchini picha ni nyingine. Uchunguzi uliofanywa Machakos na kuchapishwa mwaka 2001, kwa ajili ya kupanga vita dhidi ya kichaa cha mbwa, ulikuta kwamba matarajio ya maisha ya mbwa tangu kuzaliwa yalikuwa miaka 3.5 kwa dume na 2.4 kwa jike. Machakos si Pwani, lakini atazamaye mbwa wa vichochoroni kwetu hataona tofauti kubwa.

Fikiria jambo hilo. Mbwa wa kienyeji hana uso bapa, hana nyonga mbovu za kuzalishwa, na uzito wake ni wa kati. Kwa maumbile yake angeweza kufika miaka 12. Badala yake wengi hawafiki minne. Ukubwa wa mwili haukumpunguzia kitu. Kinachompunguzia ni gari barabarani, ugonjwa wa pavo unaomharisha damu akiwa mtoto, njaa, sumu, na mwenyewe asiyemhesabu kuwa ni wake.

Pwani tuna na mengine. Joto na unyevu wetu humwelemea mbwa mzito, mwenye manyoya mengi au pua fupi. Ukimfungia mbwa wa namna hiyo kwenye banda la mabati saa saba mchana, unaweza kumkuta amekufa alasiri. Kupe hawakosekani mwaka mzima, nao hueneza homa zinazokausha damu. Mbu wanaotuuma sisi usiku humuuma na yeye, na wanaweza kumwingizia minyoo ya moyo.

Mambo yanayoongeza miaka

La kwanza ni chakula kwa kipimo. Kuna uchunguzi wa miaka mingi uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliofuata mbwa 48 aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Waliokula kidogo walikuwa na umri wa kati wa miaka 13.0, wenzao 11.2. Karibu miaka miwili ilipatikana kwa kupunguza sahani tu. Hiyo ni sawa na ile ambayo kilo 40 za mwili huiondoa. Ukipapasa ubavu wa mbwa wako, unapaswa kuzigusa mbavu bila kuzitafuta.

La pili, mbwa wa aina kubwa apewe chakula mara mbili kwa siku badala ya sufuria moja ya usiku, na asikimbizwe mara baada ya kula. Akiwa mtoto asinenepeshwe ili akue haraka, kwa sababu mifupa haijakomaa kubeba uzito huo. Na ukitaka kumhasi, muulize daktari wa mifugo wakati unaofaa. Kwa aina kubwa, kuhasi kabla ya mwaka mmoja kunaweza kuongeza matatizo ya viungo.

La tatu ni chanjo na dawa: pavo na homa ya mbwa akiwa mtoto, kichaa cha mbwa kila mwaka, dawa ya kupe na ya minyoo bila kuruka. Kivuli na maji safi mchana kutwa si anasa.

Jaa si makao ya uzeeni

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Mimi naona msemo huo unawatokea mbwa wakubwa neno kwa neno. Zaidi ya mara moja nimeona jibwa la asili ya ng'ambo, lililowahi kulinda bohari au nyumba ya ghorofa, likichakura jalalani huku nyonga zimelegea. Mwenyewe alilinunua kwa fedha nyingi, akalitumia miaka minne au mitano, lilipozeeka akafungua geti. Hakuhesabu miaka mwanzoni, kwa hiyo uzee ulipofika ulimkuta hana nafasi nao.

Hilo si dhuluma kwa mnyama peke yake. Mbwa aliyetupwa hachanjwi tena. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na kuumwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo hauponi. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na ili lengo hilo lifikiwe lazima asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Kila geti linalofunguliwa kumtoa mbwa mzee linaturudisha nyuma. Na mtoto akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kwa hiyo anayetaka mlinzi ajiulize mambo matatu kabla ya kutoa shilingi. Atakuwa na umri gani mbwa huyu nikiwa namsomesha mtoto wangu sekondari? Nani atamtunza miaka miwili ya mwisho ambayo hatalinda kitu? Na je, ninachohitaji ni mwili mkubwa, au ni masikio na sauti? Mwizi hasubiri kuona kilo za mbwa. Akisikia mlio na taa ikiwaka, anaondoka. Kazi hiyo mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anaiweza, joto letu analijua, anakula kidogo, na ukimchanja na kumpimia chakula atakukalia miaka 12.

Anayelitaka jibwa bado yuko huru kulichukua. Ila alichukue akijua kwamba amechukua miaka minane au tisa, na kwamba ile miwili ya mwisho ni zamu yake yeye kumlinda mlinzi.